Réception ya Huku na Réception ya Kwetu

Mwaka 1991 nilikuwa na miaka ishirini na nne, na taabu ilianzia hapo. Baba alikuwa mfanyakazi wa mgodi wa shaba, Lubumbashi. Mshahara ulichelewa mwezi mmoja, mwezi wa pili ukaja nusu, wa tatu haukuja. Nyumba ilikuwa ya kampuni, unga wa kampuni, hata balbu ikiungua kampuni ndiyo ilileta nyingine. Siku kampuni ilipolegea tulijikuta wanaume wazima wasiojua bei ya chumvi. Mimi shule niliiacha mwaka wa tano wa msingi, na tangu hapo nilikuwa nimekaa nikingoja baba aniingize mgodini. Bon, mgodi ukaanguka kabla sijaingia. Nikaenda kwa mjomba aliyekuwa akipasua vichuguu.

Asiyetoka kwetu nimweleze. Kwetu tofali zuri linatoka kwenye kichuguu. Unakivunja, unalowesha udongo wake, unaukanyaga kwa miguu, unautia kwenye kibao, unaanika, halafu unapanga tanuri na kuchoma. Mchwa amekwisha kukufanyia nusu ya kazi. Kwa mjomba nilimkuta mwenzangu wa rika moja, tukakanyaga udongo pamoja miaka miwili kabla ya kuruhusiwa kushika mwiko. Nitamwita rafiki yangu tu, kwa sababu mpaka leo ni rafiki yangu, hata baada ya yale aliyoufanyia ukuta wangu.

Vijana wetu wa hapa Bruxelles, hasa wanaosoma vyuo, wananiuliza soko la ujenzi zuri liko wapi, huku ama kwetu. Wanataka jibu la mstari mmoja. Sina. Ninao mwaka mmoja, mwaka ambao sikuweza kukaa kwenye kiti nikamaliza chai. Nitaueleza huo, kila mtu apime mwenyewe.

Nilifika Bruxelles mwaka 2002, stesheni ya Gare du Midi, na mfuko mmoja. Miaka minne niliishi na kadi ya rangi ya chungwa. Ilikuwa kadi ya provisoire, maana yake wewe ni mtu lakini kwa muda. Kila mara unaipeleka komini, ofisi ya mtaa, wanaiangalia, wanakuangalia, wanagonga muhuri. Neno hilo, provisoire, lilinikwama kooni kama mwiba wa samaki. Asubuhi nilisimama karibu na stesheni na wanaume wengine. Gari jeupe linapunguza mwendo, dereva anaonyesha vidole viwili, wawili wanapanda. Siku moja nilipanda kwa Mreno mmoja. Akanipa ukuta wa kupiga plasta, saa sita akaja na pima maji yake, akaiweka juu, chini, pembeni, hakusema neno. Kesho yake akaja kunichukua mlangoni. Kadi ilipobadilika kuwa ya kweli akaniandika kazini. Nilikaa kwake miaka kumi na sita, zaidi ndani ya nyumba: plasta, sakafu, vigae. Nje, kwenye matofali, alipeleka Wareno wenzake.

Sasa sikia tofauti. Kwetu, mtu akitaka nyumba anauliza nani alijenga ya jirani. Anaonyeshwa, anakwenda, anagonga ukuta kwa ngumi, mnaelewana. Karatasi ya wizara, ile wanayoiita agrément, ni ya wanaotaka kazi za serikali: shule, daraja, ofisi. Rafiki yangu anayo, ameiweka kwenye fremu juu ya kiti chake, na vumbi liko juu ya fremu. Huku kazi inaanzia kwenye karatasi na ukuta unafuata baadaye. Nilipotaka kujitegemea, Bruxelles ilidai nithibitishe mambo mawili: kwamba ninajua kazi, na kwamba ninajua kuongoza biashara. La kwanza Mreno alinisainia, mwaka kwa mwaka. La pili lilikuwa mtihani wa Kifaransa, na Kifaransa changu mimi ni cha kupigia kelele juu ya ngazi. Ninaweza kugombana na dereva wa lori la saruji mpaka arudi nyuma, lakini ukurasa mmoja wa kitabu unanishinda.

Sheria ilikubali mke afanye mtihani kwa niaba ya kampuni. Mke wangu alikuwa msafishaji katika ofisi, mkataba wa kudumu, kitu ambacho watu wetu wanakilinda kama jicho. Alisoma mwaka mzima. Jikoni kwetu Koekelberg ukuta ulijaa karatasi zenye maneno ya sheria, na akikoroga ugali alikuwa akiyasema kwa sauti. Akafaulu. Akaacha kazi yake, jina lake likaandikwa kwenye kampuni pamoja na langu. Hata miaka miwili haikupita, Bruxelles wakaufuta mtihani ule. Aliposikia redioni aliizima redio, akakaa.

Na ukivuka barabara kule nyuma ya mtaa wa Forest uko Flandre, jimbo jingine, ambako hata ujuzi wa kazi hawaulizi tena. Nchi moja, mvua moja, fundi wa karatasi upande huu na fundi asiye na karatasi upande ule. Wala msifikiri karatasi ya huku ni takatifu. Wapo wenye diploma wanaozikodisha kama watu wanavyokodisha gauni la harusi. Nimewaona. Mmoja alinifuata mimi mwenyewe, nikamwambia nyumbani kwangu diploma inalala kitandani mwangu, ahsante.

Alors, kazi yetu ya kwanza. Ilikuwa Forest, nyumba ya kona, ya mwalimu mstaafu, mjane, ambaye nitamwita Madame kama nilivyomwita. Alitaka jiko lake lirefushwe kuelekea bustanini. Msimamizi alikuwa architecte, mchora ramani za nyumba, mwanamume mwembamba asiyecheka. Wabelgiji wana msemo kwamba kila mmoja wao anazaliwa na tofali tumboni. Madame alinipa msemo huo siku ya kwanza. Nikamwambia kwetu pia, ila la kwetu limechomwa kwa kuni. Nilijenga ukuta wa jiko hilo kwa mikono yangu, msimu wote wa baridi, nikipima kila mstari mara mbili.

Ukuta wa huku ni wa ngozi mbili, na kati yake kuna nafasi. Mvua inapenya tofali la nje, inateremka ndani ya ile nafasi, inafika chini kwenye karatasi ya plastiki, na lazima ipate njia ya kutoka. Kwa hiyo mstari wa chini unaacha nafasi fulani bila saruji kati ya tofali na tofali. Matundu membamba, kidole hakiingii. Niliyaacha yote kama mchoro ulivyosema. Kumi na manne.

Mwezi wa nne mwaka 2023 architecte akatuandikia: réception provisoire, Ijumaa, saa nne asubuhi. Mke wangu alinisomea.

Kwetu neno réception lina maana moja. Ni viti vya kukodi, nyama, vinywaji, hotuba ya shemeji. Mreno hakunipeleka hata siku moja. Siku ya réception alikuwa akivaa shati safi, anakwenda peke yake, anarudi amenuna, na miaka kumi na sita nilidhani alikuwa anakwenda kula bila sisi. Ile provisoire niliielewa hivi: ni karamu ndogo kabla ya kubwa, kama vile kupeleka mahari kabla ya harusi.

"Papa, una hakika?" mke wangu aliuliza.

"Imeandikwa hapo."

"Wameandika tulete chakula?"

"Mutu anaandikiwaka kuleta chakula? Ni adabu."

Yeye alikuwa amesoma sheria ya biashara. Neno hilo halikuwa katika mtihani wake. Akawasha jiko.

Wiki hiyo rafiki yangu alikuwa Bruxelles, amekuja kumwona binti yake anayesoma hapa. Alhamisi nilimpeleka Forest aone kazi. Alizunguka ukuta mikono nyuma, akikohoa kama mkaguzi. Nikamwacha hapo niende kuchukua suti yangu kwa dobi na kuku kwa mama mmoja wa Matonge, mtaa wetu Waafrika. Niliporudi mvua ilikuwa inanyesha, naye alikuwa anaosha mwiko wangu kwenye ndoo.

"Nimekusaidia kidogo," akasema. "Sasa iko propre. Bazungu basituchekelee."

Nilidhani amesafisha madoa. Mikono yangu ilikuwa na kuku sita. Sikuinama kutazama chini.

Ijumaa tulifika mapema, mimi na suti ya kijivu, mke wangu na kitambaa cha sherehe, rafiki yangu na koti lenye vifungo vya dhahabu. Tulitandika meza katika jiko jipya: kuku, sambusa, mihogo, kreti ya bia. Madame aliposhuka alishika mlango kwanza, kisha akasema ni vizuri sana, akaleta sahani zake. Saa nne kamili architecte akaingia na viatu vya mpira, tochi, ngazi na faili. Akaangalia meza. Akaniangalia tai.

"Kuna siku ya kuzaliwa?" akauliza.

"Ni réception," nikasema.

Madame alianza kucheka, akaona uso wangu, akaacha. Architecte hakucheka, nasema hili kwa heshima yake. Alifungua faili na kunieleza polepole kwa Kifaransa cha mtoto: tunazunguka pamoja, naandika kila kasoro, tunasaini. Wewe unasahihisha. Baada ya mwaka mmoja tunarudi, tunaangalia tena, hiyo ni réception définitive, ya mwisho kabisa. Msingi na kuta utazijibia miaka kumi. Ndiyo maana ya leo inaitwa provisoire.

Nikamfuata na suti yangu. Aliwasha tochi akaiegemeza ukutani ili kivuli kionyeshe kila uvimbe wa plasta. Alifungua dirisha na kulifunga, akafungua na kulifunga. Alipanda ngazi. Kila neno alilosema aliliandika, na mke wangu nyuma yetu aliandika pia. Tulipotoka nje tulikuwa na kasoro ishirini na moja, nyingi za kipuuzi: tone la rangi, bawaba inayolia. Halafu akapiga magoti kwenye majani, chini ya ukuta wangu.

"Matundu yako wapi?"

Niliinama. Mstari wote wa chini ulikuwa umejazwa saruji, laini, imepigwa kwa ncha ya mwiko vizuri kabisa. Kazi ya fundi mkubwa.

"Ni mimi," rafiki yangu akasema kwa Kifaransa, kifua mbele. "Nimefunga yote."

"Kwa nini?"

"Panya, Monsieur."

Architecte alisimama, akafuta goti.

"Yatatobolewa," akaniambia. "Hilo si shida. Shida ni kwamba aliisukuma saruji mbichi kwa nguvu, na sijui nini kimeangukia nyuma, juu ya plastiki. Ikiwa kuna donge linalozuia maji, ukuta huu utakunywa. Hayataonekana leo. Yataonekana baada ya mvua za baridi, ndani, karibu na sakafu." Akageuza ukurasa. "Nina nyumba nyingine tatu za kujengwa. Mwakani, ukuta ukiwa mkavu, ninakuita. Ukiwa na maji utaubomoa, na jina la kampuni yenu sitaliandika tena popote."

Ishirini na mbili. Nilisaini. Provisoire tena, na umri wa miaka hamsini na sita.

Chakula hakikutupwa. Madame alisema kuku hana kosa. Architecte alikula sambusa tatu amesimama, akamuuliza mke wangu ndani kuna nini.

Kwenye tramu rafiki yangu alikuwa akifuta vifungo vya koti lake. Hakuomba radhi, na mimi sikutaka radhi, nilitaka kumtupa dirishani.

"Fundi gani anaachaka matundu ku ukuta?" akasema mwishoni. "Mimi nilifikiri weye umechoka."

"Nilipima yote kumi na manne."

"Sasa sikia. Achana na bantu ba huku. Kuya kwetu. Mimi niko na agrément, weye uko na mikono na jina la Bulaya. Tutaandika majina yetu mbili ku mulango. Kule hakuna mutu atakuinamia chini ya ukuta na tochi."

Mke wangu alikuwa kiti cha nyuma na masufuria mapajani. "Na mimi nitafanya nini kule na mtihani wangu?" akauliza.

"Maman, utakuwa bibi ya patron."

"Nilikuwa na mkataba wa kudumu," mke wangu akasema, akageukia dirisha.

Tuliafikiana hivi, mimi na rafiki yangu: ukuta ukilowa, ninafunga kampuni na kwenda Lubumbashi. Ukikauka, ninabaki. Nilisema hivyo kwa hasira, lakini mkono tulipeana. Mke wangu hakuupa mtu mkono.

Jumatatu niliyatoboa matundu yote, moja moja, kwa drili nyembamba. Kasoro nyingine nilizimaliza ndani ya wiki. Halafu ikabaki kungoja, na kungoja ni kazi nisiyoijua. Kwetu ukimaliza nyumba unapewa mbuzi, unapewa mkono, unakwenda, na kama ukuta una neno la kusema utamwambia mwenye nyumba. Huku ukuta unaandamana nawe. Nilikuwa nafanya vibarua vya bafu na vigae, lakini kila Jumapili baada ya misa, badala ya kurudi nyumbani, nilipanda tramu mpaka Forest. Upande mmoja wa ukuta ulitazama barabara. Nilisimama upande wa pili, nikavuka, nikatia kiganja kwenye tofali, nikarudi. Mvua ikinyesha niliinama nihesabu matundu mangapi yanatoa maji. Tisa. Siku nyingine kumi na moja. Yale matatu ya kona ya kushoto hayakutoa kamwe. Huenda ndiko maji hayafiki. Huenda ndiko maji yamekaa.

Jirani mmoja alianza kunitazama nyuma ya pazia. Jumapili ya tano ama ya sita Madame akatoka na mwavuli.

"Monsieur, umepoteza kitu?"

"Naangalia ukuta, Madame."

"Bado uko hapo," akasema. "Nimeuona asubuhi."

Nyumbani mke wangu aliwaambia watu wa kanisa kwamba nimeoa bibi wa pili, mrefu, mwekundu, anaishi Forest. Walicheka. Mimi nilikuwa siwezi kula sahani nikaimaliza. Ninasimama, naangalia hali ya hewa, nakaa, nasimama.

Mwezi wa saba nilikwenda Lubumbashi wiki tatu. Nilisema naenda kusalimia, lakini nilikwenda kupima soko. Na soko lile, nisidanganye, linapendeza. Mji unajengwa kila upande. Rafiki yangu alikuwa na maeneo manne ya kazi kwa mpigo, mafundi themanini, simu tatu. Hakuna aliyemwomba bima. Mteja anakuja na picha kwenye simu yake, nyumba ya Dubai, anasema nataka hii, na rafiki yangu anasema hii tutakupa na roshani juu yake. Watu walinipisha njia. "Papa wa Bulaya," walisema. Mtu akishaishi miaka ishirini akiitwa "Monsieur, subiri hapo", neno hilo linaingia mwilini kama supu.

Jumamosi ya pili ilikuwa réception ya nyumba ya mfanyabiashara mmoja, nyumba ambayo rafiki yangu alikuwa ameimaliza. Hiyo sasa ilikuwa réception ninayoijua: mahema, orchestra, mishikaki, padri mwenye maji ya baraka akinyunyizia kila chumba. Nilipewa kiti cha mbele. Nilikaa dakika kumi.

Halafu nikaona mlango. Ulikuwa umeinama, si sana, upana wa sarafu. Nikaangalia pembeni, nikaona ufa juu ya dirisha, umepakwa rangi. Nikasimama. Nilipita nyuma ya orchestra nikatazama linta, ile boriti ya juu ya dirisha, nikaigonga, ikalia tupu. Nondo ya ngazi ilikuwa inachungulia nje kama mfupa. Nilitoa kijitabu changu cha mfukoni, na mimi ambaye naandika kama kuku anavyoparua, niliandika. Nilifika kumi na tisa. Kisha nikachukua bakuli la maji ya kunawa mikono, nikaenda kwenye veranda, nikayamwaga sakafuni. Maji yalisimama kidogo yakifikiri, halafu yakaelekea taratibu mlangoni, ndani, kwenye zulia.

Rafiki yangu alinikuta nimechuchumaa, suti ile ile.

"Unafanya nini, mukubwa? Bantu banakuangalia."

"Veranda inateremka ndani."

"Iko saison sèche, kiangazi. Nani anakuuliza mvula?"

"Mvua itakuja."

"Itakuya mwezi wa kumi na moja. Ye njo atafanya réception ya kweli." Akacheka, akanivuta mkono. "Simama, bana. Umekuwa architecte? Simama ule nyama."

Alisema kwa utani, lakini ndiyo sheria yote ya soko la kwetu. Karatasi iko kwenye fremu, na réception inafanywa na mvua, baada ya wageni kuondoka, mwenye nyumba akiwa peke yake na ndoo. Sikumkasirikia. Tulijifunza pamoja, kwa mjomba mmoja, na mimi pia nilijenga hivyo. Zipo nyumba zangu kule, za miaka ya tisini. Nilikuwa nimepanga kwenda kuzitazama wiki ile. Sikwenda. Niliogopa.

Usidhani nawasifu Wabelgiji. Wana faili kwa kila msumari, na faili halijazuia mtu kujenga vibaya. Limezuia tu asiyejua kusoma kujenga vizuri. Lakini nilipokuwa kwenye ndege nilikuwa na wazo moja linalonichoma makalio. Mimi nilikuwa nangoja mwaka uishe nione kama ukuta wa Madame una maji. Yaani nilikuwa nimeuachia mvua. Kwa saini, kwa faili, kwa bima, lakini nimeuachia mvua, sawa na rafiki yangu.

Mwezi wa nane nilibonyeza kengele ya Madame na mfuko wa vyombo begani.

"Nataka kufungua ukuta wako," nikasema.

"Lakini ni mkavu."

"Sijui kama ni mkavu. Wewe pia hujui."

Aliniangalia kama walimu wanavyomwangalia mtoto aliyekiri kabla ya kuulizwa. Akasema mbwa wake atafungiwa juu.

Nilianza kona ya kushoto. Tofali la chini ukilitoa vibaya unatikisa yaliyo juu, kwa hiyo nilikata saruji yake pande zote, polepole, nikalivuta kama jino. Niliingiza mkono mpaka kiwiko. Saruji ilikuwa hapo, donge zito kama mkate, limelala juu ya plastiki, na nyuma yake vidole vyangu viligusa maji baridi. Ya mvua za tangu mwezi wa nne. Nilikaa kwenye majani. Kisha nikalivunja donge kwa patasi, vipande vidogo, nikavitoa kwa mkono, vyote, nikapangusa plastiki kwa kitambaa. Nilitoa matofali tisa mahali pengine patatu, nikakuta makombo, nikayatoa. Kazi ya siku nne. Mke wangu alikuja siku ya mwisho na chakula, akatia tochi ndani ya tundu, akatazama kwa muda mrefu.

"Ni kweli mkataba ule niliuacha kwa sababu ya hili?" akauliza.

"Ndiyo."

"Bon. Funga vizuri."

Nilirudisha tofali moja moja, nikaacha matundu kumi na manne. Mvua ya kwanza ya mwezi wa tisa nilikwenda, haikuwa hata Jumapili. Yalitoa maji yote, na ya kona pia.

Réception définitive ilikuwa mwezi wa nne mwaka 2024, baada ya msimu wa baridi wenye mvua karibu kila siku. Nilivaa viatu vya kazi. Architecte alileta chombo chenye sindano mbili, unazichoma kwenye plasta, kinasema unyevu uliopo. Alichoma karibu na sakafu, kila hatua moja, kuzunguka jiko zima. Kila mara kilitoa mlio mdogo, anasoma, anasogea. Nilisimama mlangoni, nikatoka, nikaingia. Mke wangu alinishika mkono wa koti ili nitulie.

"Mkavu," architecte akasema mwishoni.

Tukatoka nje. Akapiga magoti pale pale. Alikaa chini kidogo, akapitisha kidole.

"Saruji hii ya chini ni mpya. Rangi yake si sawa."

Ningeweza kunyamaza. Mke wangu aliniangalia. Nikamweleza architecte yote: mwezi wa nane, donge, maji, siku nne. Alisikiliza akiwa bado amepiga magoti.

"Kwa nini hukuniita?"

"Ungeleta faili," nikasema. "Mimi nilitaka kuleta patasi."

Aliandika. Nilimwomba mke wangu anisomee kabla sijasaini. Kasoro moja: rangi ya saruji ya mstari wa chini haifanani. Haihitaji marekebisho. Définitive.

Jioni nilimpigia rafiki yangu. Nilimwambia umekauka. Akasema veranda ya yule mfanyabiashara imeingiza maji mwezi wa kumi na moja kama nilivyosema, na mteja amemtumia polisi.

"Utakuya kunisaidia kuitengeneza?" akauliza.

"Nitakuja wiki mbili. Na tochi."

"Kuya na ile suti pia," akasema. "Kwetu bantu banaangaliaka suti."

Nilikwenda. Tuliivunja veranda pamoja, wazee wawili kwenye magoti, akinitukana siku nzima. Majina yetu mawili hayakuandikwa kwenye mlango wowote.

Architecte aliniita kwa zile nyumba tatu, halafu kwa nyingine.

Leo, mwaka 2025, nina miaka hamsini na minane. Ninacho hiki. Kampuni moja, majina mawili. Ghorofa ya vyumba viwili Koekelberg. Gari moja jeupe la mizigo. Vyuma vya kupandia vya mita sitini. Mashine mbili za kuchanganya saruji, moja mbovu. Pima maji nne. Chombo cha sindano mbili, kama cha architecte. Wafanyakazi wanne wenye mkataba wa kudumu, wawili walitoka kiwanda cha magari cha Forest kilipofungwa. Hao si mali yangu, lakini nawahesabu. Kiwanja kimoja Lubumbashi, kimezungushiwa ukuta, ndani majani. Suti mbili. Deni kwa mtu, hakuna.